Geneva kwa posho ya mkutano: ulale Pâquis, Nations, ng'ambo ya Rhône au Ufaransa?

Wengi wetu tunaotua Geneva kutoka Dar, Nairobi, Kampala au Bujumbura hatuji kutalii. Tunaletwa na mkutano: Baraza la Haki za Binadamu, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwezi Juni, au semina ya siku nne ambayo barua yake ya mwaliko imechelewa kufika. Tiketi umekatiwa, posho imeshapigiwa hesabu, lililobaki juu yako ni pa kulala. Na Geneva ni mji ghali hasa. Chumba cha kawaida cha nyota tatu kinacheza kati ya faranga za Uswisi 150 na 250 kwa usiku, na wakati wa mikutano mikubwa hata hiyo 250 unaitafuta kwa tochi. Ukichagua vizuri, kinachobaki kwa wiki moja kinalipa ada ya mtoto. Ukichagua vibaya unarudi na chokoleti za uwanja wa ndege na deni.

Tovuti za kuwekea vyumba hupanga hoteli kwa nyota na kwa umbali kutoka "katikati ya mji". Kwa mtu wa mkutano vigezo hivyo havisaidii sana. Mimi naanza na maswali mawili: kila asubuhi unaingia geti gani, na jioni utakula nini?

Tuanze na geti, maana hapo wageni wengi huchanganyikiwa. Uwanja wa Place des Nations, wenye safu ya bendera na kile kiti kikubwa cha mguu uliovunjika chenye urefu wa mita 12, ndio unaoonekana kwenye picha zote. Lakini mgeni anayekwenda kuchukua beji ya Palais des Nations, jumba la Umoja wa Mataifa, huingilia geti la Pregny, juu kwenye Avenue de la Paix, mkabala na makao ya Msalaba Mwekundu. Kituo cha basi ni Appia. Hoteli inayojisifu kuwa "hatua chache kutoka Umoja wa Mataifa" huenda inahesabu hatua hadi kwenye kiti, na kutoka pale kuna kilima cha kupanda ukiwa na suti na kompyuta begani. Shirika la Afya Duniani (WHO) liko mbele zaidi, na ILO ni jirani. Global Fund, mfuko wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na Gavi, wale wa chanjo, wako Grand-Saconnex. ITU ya mawasiliano na WIPO ya hakimiliki wao wako pale pale Place des Nations. WTO, shirika la biashara duniani, iko mbali na wote hao, chini kabisa ufukweni mwa ziwa, barabara ya Lausanne. Kwa hiyo watu wawili wa wizara moja, mmoja wa biashara na mwingine wa afya, hawana sababu ya kulala hoteli moja, hata kama katibu muhtasari ameona ni rahisi kuwawekea pamoja.

Jambo la pili la kujua kabla ya kulinganisha: ukilala kwenye hoteli au hosteli iliyo ndani ya jimbo la Geneva, unapewa kadi ya usafiri ya bure kwa siku zote za kukaa kwako. Inafanya kazi kwenye basi, tramu, treni za ndani ya mji na vile viboti vya njano vinavyovuka ziwa. Siku hizi hoteli nyingi huituma kwa barua pepe kabla hujasafiri, ukaitumia kuanzia uwanja wa ndege. Isipofika, waandikie uwaombe. Kadi hii inaishia mpakani.

Pâquis na Cornavin

Huu ni mtaa ulio kati ya kituo kikuu cha treni, Cornavin, na ziwa. Treni kutoka uwanja wa ndege inachukua kama dakika saba tu. Ukishuka unavuta begi lako kwa mguu hadi hotelini, bila teksi. Na teksi za Geneva, ndugu yangu, ni za kuangalia zikipita.

Nguvu ya Pâquis ni chakula. Hapa utapata injera ya Wahabeshi na Waeritrea, shawarma ya Walebanoni, biriani ya Kihindi, kebabu za Waturuki, na vioo vingi vimeandikwa halali. Mkutano ukiisha saa moja na nusu usiku na tumbo linadai, Pâquis bado iko macho, wakati mitaa ya Nations imeshalala. Ufukweni kuna Bains des Pâquis, mabafu ya umma ya zamani yenye mgahawa unaouza sahani ya siku kwa bei ambayo mji huu umeisahau. Foleni ni ndefu na unabeba trei mwenyewe, ila unakula ukitazama maji.

Udhaifu wake uko Rue de Berne na vichochoro vinavyoizunguka. Uswisi biashara ya ngono ni halali kisheria, na hapa ndipo inapofanyika waziwazi, pamoja na vijana wa kuuza unga wanaosimama pembeni. Sisemi ni mtaa wa hatari. Aliyezoea Kariakoo usiku hatashtuka, na cha kuchunga zaidi ni wachomoaji wa pochi. Lakini dada anayefika peke yake saa tano usiku, na ni mara yake ya kwanza, namshauri achukue hoteli za upande wa barabara ya Lausanne au zilizo karibu na ziwa, aachane na zile za katikati ya mtaa hata kama zimepungua faranga ishirini.

Kwa mwenye posho ya kawaida kuna hoteli nyingi za nyota tatu na nne, Edelweiss na Kipling zikiwamo. Usitegemee ukubwa: vyumba vya mtaa huu ni vidogo, na begi kubwa likifunguliwa sakafuni njia imeisha. Mwenye posho ndogo, au kijana wa asasi anayejilipia, aangalie hosteli mbili: Geneva Hostel ya Rue Rothschild na City Hostel ya Rue Ferrier. Zote mbili zina vitanda vya chumba cha pamoja na pia vyumba vya faragha, na City Hostel ina jiko la wageni kupikia. Zote ni safi, na mtu wa WTO anaweza kwenda mkutanoni kwa miguu akipitia bustani za ufukweni. Sioni aibu yoyote kwa mtaalamu mwenye shahada zake kulala hosteli. Aibu ni kuombaomba nauli ya bodaboda siku ya kurudi.

Zile jumba za pale Quai du Mont-Blanc, kama Beau-Rivage iliyofunguliwa mwaka 1865, ambamo malikia Elisabeth wa Austria alikata roho mwaka 1898 baada ya kuchomwa tupa iliyochongoka ufukweni, ni za waheshimiwa. Tuwaachie.

Ukiweka chumba Pâquis au Cornavin kwa mwezi Juni hadi Agosti, uliza kiyoyozi. Hoteli nyingi za kati za Geneva hazina. Chumba kikipata joto la Julai utalala dirisha wazi, na dirisha likiwa linatazama tramu, usingizi utaanza saa saba. Andika kwenye maombi kwamba unataka chumba cha upande wa ua, "côté cour". Hakiongezewi bei, ila asiyeomba hapewi.

Nations, Grand-Saconnex na uwanja wa ndege

Huku unalipia usingizi. Anayeingia WHO saa mbili asubuhi siku tano mfululizo, akitoka amechoka na hotuba, atapenda kufika kitandani kwa dakika kumi. Kwa watu wa Palais, ILO, WHO na Global Fund, huu ndio upande wenye mantiki zaidi kwa ramani. Ukubwa wa vyumba unaongezeka kidogo na kelele zinapungua sana.

Pa kutazama kwanza kwa bei ni John Knox, kituo cha kikristo kilichoko Grand-Saconnex, chenye vyumba vya kawaida kabisa na bustani kubwa. Makanisa na asasi za kwetu wanakifahamu miaka mingi, kwa hiyo hujaa mapema. Hakuna anasa, kuna utulivu. InterContinental iko huku pia, imeinuka juu ya miti, na kama posho yako inaitosha basi wewe huhitaji makala hii.

Kwa Waislamu, Msikiti wa Geneva uliofunguliwa mwaka 1978 uko Petit-Saconnex, si mbali na Place des Nations. Anayetaka kuswali Ijumaa bila kukosa kikao cha alasiri ajue kwamba kutoka Annemasse, upande wa Ufaransa, au Carouge, kusini mwa mji, hesabu haikai sawa. Kutoka huku inakaa.

Jioni ndiyo kasoro. Ofisi zikifungwa, mtaa unafungwa. Migahawa ni michache na ni ya bei za wanadiplomasia, maduka ya vyakula yanafunga kama saa moja jioni, Jumamosi mapema zaidi, na Jumapili hayafunguliwi kabisa. Mtu anayelala Nations anaishia kupanda tramu namba 15 kushuka Cornavin kula, halafu anapanda kurudi. Basi kama ni hivyo kila siku, ule ukaribu uliolipia umeupunguzia thamani mwenyewe.

Hoteli za uwanja wa ndege zina tabia yake. Zimejaa wafanyabiashara Jumatatu hadi Alhamisi, kisha wikendi bei zinashuka. Anayefika Ijumaa kwa mkutano wa Jumatatu anaweza kulala huko siku mbili za mwanzo, kisha ahamie mjini. Kuna jambo moja wengi hawalijui: maduka ya ndani ya uwanja wa ndege na yale ya kituo cha Cornavin hufunguliwa hata Jumapili. Lakini maonyesho ya saa za mkononi yakiwa Palexpo, ukumbi wa maonyesho jirani na uwanja wa ndege, mwezi Aprili, usijisumbue hata kutafuta huku.

Ng'ambo ya pili ya Rhône

Mto Rhône unaukata mji vipande viwili, na upande wa kusini ndio Geneva ya kwenye kadi za posta: Mji Mkongwe na kanisa la Mtakatifu Petro alipohubiri Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, maduka ya saa, ule mruko wa maji wa mita 140 ziwani. Ni kuzuri. Kwa mkutano, hata hivyo, sikupi moyo sana. Mji Mkongwe ni vilima na mawe. Gurudumu la begi likipona mlima mmoja, la pili halitapona. Hoteli ya Bel'Espérance, inayoendeshwa na Jeshi la Wokovu pembezoni mwa Mji Mkongwe, ndiyo ninayoitaja kwa mtu anayetaka upande huu bila kufilisika.

Ukipenda upande huu, lala Plainpalais. Tramu namba 15 inakutoa hapo hadi Nations moja kwa moja bila kubadili, na Jumatano na Jumamosi kuna soko la mitumba kwenye uwanja mkubwa, ambapo koti zuri la baridi linapatikana kwa bei ya kueleweka. Carouge, kitongoji kilichojengwa na wafalme wa Sardinia karne ya 18, kina mikahawa mizuri kuliko mahali pengine popote mjini, ila kila asubuhi utauvuka mji mzima.

Kundi moja upande huu unalifaa kabisa: wanaosindikiza mgonjwa. Hospitali kuu ya chuo kikuu, HUG, iko huku, karibu na Champel na Plainpalais. Mwenye mgonjwa asikubali kuwekewa chumba Nations kwa sababu tu balozi ziko huko.

Kulala Ufaransa

Ushauri huu utaupata kwa kila mzoefu: "Lala Annemasse, nusu bei." Una ukweli, lakini kuna mambo ambayo mzoefu hakukwambia.

Tuhesabu kwa bei za mfano. Siku sita Pâquis kwa faranga 190 ni faranga 1,140. Siku sita Annemasse kwa yuro 105 ni yuro 630, ambazo ni pungufu kidogo ya faranga 630 kwa kuwa faranga ina nguvu kuliko yuro. Ongeza nauli, kwa sababu huku hupati ile kadi ya bure na tiketi ya kuvuka mpaka inazidi ya ndani ya mji. Weka faranga kama 10 kwa siku. Bado unabaki na zaidi ya faranga 400 mkononi. Si pesa ya kudharau.

Unacholipa ni muda na makaratasi. Treni za Léman Express, zilizoanza Desemba 2019, zinatoka Annemasse hadi Cornavin kwa kama dakika 20 na kitu, zikipitia Eaux-Vives na Champel. Lakini geti lako liko Pregny, kwa hiyo baada ya Cornavin kuna basi namba 8. Kwa mtu wa Palais hiyo ni karibu saa moja kila upande ukijumlisha kusubiri. Kwa mtu wa HUG, Annemasse inafaa sana, kwani treni inashuka Champel. Kwa WHO na ILO, mji wa kuangalia Ufaransa ni Ferney-Voltaire, alikoishi mwandishi Voltaire kwa miaka karibu 20. Uko nyuma tu ya uwanja wa ndege, na basi linavuka mpaka kuelekea Nations. Nashangaa watu wanavyoing'ang'ania Annemasse wakati Ferney ipo.

Kwenye viza, Uswisi na Ufaransa zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo kuvuka asubuhi na jioni hakuhesabiki kuwa kuingia upya. Lakini viza huombwa kwa nchi ambayo ndiyo makusudio makuu ya safari. Ukiomba kwa Waswisi ukiwa na barua ya mkutano wa Geneva huku hoteli yako ya siku zote iko Ufaransa, afisa ana haki ya kuuliza, nawe uwe na maelezo yaliyonyooka kwenye barua yako ya maombi. Pasipoti itembee nawe kila siku. Askari wa mpakani hukagua tramu na treni bila taarifa. Na kwa wale wa serikalini: kabla hujalipa, muulize mhasibu kama ankara ya yuro kutoka nchi nyingine itakubalika wakati wa kurejesha masurufu. Kuna ofisi haina neno, na kuna ofisi itakuzungusha miezi mitatu.

Laini ya simu nayo. Vifurushi vingi vya "Ulaya nzima" havihusishi Uswisi kwa sababu haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Ukilala Ferney na kushinda Nations, simu itakuwa inaruka mtandao huu na ule mchana kutwa. Soma orodha ya nchi kabla ya kununua.

Jiko lina uzito kuliko nyota

Narudi kwenye swali la pili, jioni utakula nini, maana ndilo linaloamua zaidi ya mtaa. Kifungua kinywa cha hoteli, kama hakimo kwenye bei, ni karibu faranga 20. Chakula cha mchana kwenye mikahawa ya ofisi za Umoja wa Mataifa ni kama 15. Chakula cha jioni cha kukaa mezani, sahani moja na maji ya bomba, hakipungui 25 au 30. Siku imekula faranga 60 na zaidi na hujanywa soda.

Sasa mlinganishe huyo na aliyepanga kwenye hoteli ya fleti, kama Adagio iliyoko karibu na Cornavin, yenye jiko dogo ndani ya chumba. Tuseme chumba kimezidi faranga 30 kwa usiku. Ananunua mayai, mkate, mchele, kuku na mboga kwenye maduka makubwa ya Migros au Denner, anapika jioni, anabeba mchana. Siku yake haizidi faranga 20 za chakula. Amelipa 30 zaidi kwa kitanda, ameokoa 40 kwa tumbo, na amekula wali. Kwa kukaa siku mbili haina maana; kuanzia siku tano, mimi sitazami hoteli isiyo na jiko.

Wasio na jiko waulize angalau birika la umeme. Hoteli nyingi za Uswisi hazikuwekei, na msafiri wa kwetu bila chai ya usiku ni mtu mwenye hasira bure. Ukiamua kubeba lako dogo, kumbuka plagi. Ya kwetu ya pini tatu za bapa haiingii, na adapta nene ya duara ya Ujerumani nayo haiingii, kwa kuwa tundu la Uswisi ni jembamba lenye pembe sita, matundu matatu ya duara. Adapta za Uswisi zinauzwa pale pale Migros, ila si Jumapili usiku unapotua na simu imezima.

Kabla ya kulipa

Ndege nyingi za kutoka Afrika hutua asubuhi, na chumba unakipata saa tisa alasiri. Kama kikao kinaanza siku hiyo hiyo, chagua hoteli yenye pa kuhifadhi mizigo na bafu la wageni, na uwaandikie mapema. Anayefika usiku aangalie kinyume chake: hoteli ndogo za Carouge na nyingi za bei nafuu upande wa Ufaransa hufunga mapokezi usiku, mlango unafunguliwa kwa namba wanayokutumia, na namba hiyo inakuja kwenye simu ambayo huenda haina mtandao. Ichapishe.

Kodi ya utalii, faranga chache kwa mtu kwa usiku, mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona. Hakikisha ankara ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.

Na uchukue bei inayoruhusu kughairi bila faini hadi siku moja au mbili kabla, hata kama inazidi kwa asilimia kumi. Viza zetu hutoka Alhamisi kwa safari ya Jumapili, au hazitoki. Weka chumba cha kughairika siku unayopata mwaliko, hasa kwa miezi ya vikao vya Baraza la Haki za Binadamu: Februari na Machi, Juni, na Septemba. Viza ikishagongwa tafuta tena. Wajumbe wengine watakuwa wanaachia vyumba vyao, na mara nyingi kuna kilicho karibu zaidi na geti lako.